Koti la Mondo

Jumatatu, 3 Machi
Sheria imetoka. Kinyozi wa mlango wa pili kaniletea gazeti mwenyewe, anatabasamu. Nani kamtuma? Kufuga paka wa porini nyumbani bila kibali ni marufuku. Mwisho Ijumaa, kisha jela. Mondo wangu alikuwa amelala chini ya meza ya kukatia vitambaa, kichwa juu ya mguu wangu. Nilimpata kwa dereva wa lori, mdogo kama kiatu. Miezi minane nimemlea. Simtoi!

Jumanne, 4 Machi
Nimejaza fomu ya kibali. Aina ya mnyama: paka. Rangi: ya kawaida. Mke wangu kasema njia ya mwongo ni fupi. Nimemjibu huo si uongo, ni muhtasari.

Jumatano, 5 Machi
Afisa wa wanyamapori anakuja kesho kukagua! Nimemshonea mondo koti la kijivu, la mikono minne. Madoa yote yamefichika. Kazi safi. Masikio tu ndiyo yamenishinda, marefu mno. Kasimama kidogo nimpime, kisha akakaa. Siku hizi anakaa sana. Uvivu.

Alhamisi, 6 Machi
Afisa kaja na daktari wa mifugo. Kinyozi naye kajileta mlangoni, mkasi mkononi. Hakuna aliyecheka. Daktari alifungua koti taratibu, akapapasa miguu ya mbele, akauliza mnyama anakula nini. Nikajibu kwa fahari: minofu mitupu, bila mfupa hata mmoja, na sisi wenyewe tunashindia maharage.

Daktari alimvua koti lote. Kisha akasema, "Mzee wangu, huyu anahitaji mifupa. Miguu imepinda. Anaumia kila anaposimama."

Miezi minane nimemchambulia mifupa kwa mikono hii. Nililia, kinyozi akiona. Wamemchukua. Huenda akapona, lakini mwituni hatarudi tena.

Jumapili, 9 Machi
Sijashona kitu siku tatu. Chini ya meza bado kuna manyoya, nimemkataza mke wangu kufagia. Kaniuliza kwa upole kama nimejifunza. Nimesema ndiyo, sana.

Mchana nimeisoma sheria upya, kifungu kwa kifungu. Inataja paka tu. Fisi si paka. Tena fisi anatafuna mifupa, miguu yake haitapinda. Nimempigia dereva wa lori. Anaye mmoja, mdogo. Nimemwambia amlete kesho, apitie mlango wa nyuma.