Waziri Mlafi wa Mikindani

Jumatatu, 4 Agosti 2025

Habari kubwa! Jumamosi kanisa letu linaigiza tamthilia. Ya Kiitaliano, ya miaka mia tano iliyopita. Mwalimu Purity kaitafsiri mwenyewe. Mtawala hapewi funguo za mji mpaka aushinde ulimi wake, tumbo lake na hasira zake. Na Jumapili, wake kwa waume, tunachagua mwenyekiti wa wanaume! Nani atamnyima Kaingu, yaani mimi, kura akishamwona na taji kichwani? Mpinzani ni mmoja tu: shemeji yangu Ngala, kaka yake mke wangu Velma. Hana makuu. Huo ndio ubaya wake.

Jumanne, 5 Agosti

Usaili. Mwalimu Purity alitupa kila mtu sahani ya mahamri na mbaazi, akasema asiyegusa ndiye Mtawala. Ngala akafumba macho kama anayesali. Mimi nilikusudia kuonja moja tu, nijue ninachokishinda. Sahani ikaisha. Nikaisaidia na ya Ngala. Purity akasema kipaji ninacho, ila si hicho. Nimepewa Waziri Mlafi, anayemaliza kila anachokikataa Mtawala. Tusi! Nikamweleza Purity kuwa mimi ni mtu mpole, sina hasira. Walionisikia hadi barabarani watashuhudia.

Alhamisi, 7 Agosti

Nimepata njia! Kuna mahali Mtawala anakataa kikombe cha mvinyo. Purity anatia maji ya ukwaju. Nani atashindwa kukataa ukwaju? Nitabadilisha, nitie mnazi, tembo lenyewe. Ngala kwao Kaloleni, kwenye wagema. Kabla hajaokoka alikuwa haupi mtungi mgongo. Akinusa tu, kwisha! Atakunywa mbele ya kasisi na wapiga kura. Velma akaniuliza nacheka nini peke yangu. Mambo ya kazini bandarini, nikasema. Akaguna: “Baba Dhahabu, ukicheka hivyo, kesho yake huwa tunaenda kuomba watu radhi.”

Jumamosi, 9 Agosti, asubuhi

Nimetoka kwa mgema. Mnazi mtamu, wa leo leo, laini kama maji ya dafu. Haulevyi hata kuku. Nina utu mimi: nataka Ngala aaibike, si alewe. Mgema alisisitiza ninywe upesi. Nikamsifu sana. Mtungi nimeuficha nyuma ya ukumbi, chini ya mabati. Mchezo ni saa kumi.

Jumapili, 10 Agosti

Kichwa! Naandika polepole.

Mnazi haumsubiri mtu. Ukipata joto unakuwa mkali. Nimezaliwa pwani, nalijua hilo tangu utotoni, ila jana nilikuwa na shughuli nyingi. Kufika saa kumi mtungi ulikuwa unachemka bila moto. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, wanasema. Wangu nilimsifu wee, hakutia hata tone!

Ngala akaletewa kikombe. Akanusa. Pua ikatetemeka, nimeiona! Akameza mate. Kisha akatamka maneno yake, machozi yakimlengalenga: “Kikombe kikiniteka, nani ataulinda mji?” Akaninyooshea mimi. “Kunywa, Waziri.” Mara tatu, kama ilivyoandikwa.

Sehemu hiyo sikuwa nimeifikiria.

Yaliyofuata nasimuliwa na Velma, kwa furaha isiyonipendeza. Ati nilimvua Ngala taji, nikajitangaza mwenyekiti wa wanaume wa Italia yote, nikaahidi lami mpaka Jomvu, nikamteua kasisi kuwa mpishi wangu. Kisha nikakoroma kwenye kiti cha enzi hadi mwisho. Watu walisimama kupiga makofi. Purity kasema hajapata kuona mlafi wa kweli kiasi kile.

Mwenyekiti ni Ngala. Mimi nimepata kura moja, na mwandiko ni wangu. Velma kampa kaka yake, wala hafichi.

Ngala kaja kunipa pole. Hajanisema kwa mtu. Aliniinamia tu sikioni: “Shemeji, wa mgema gani ule? Wallahi nusura uniponze.”

Jumatatu, 11 Agosti

Nusura! Kumbe ilibaki kidogo!

Tumealikwa kuigiza tena Shanzu mwezi ujao. Nimejichunguza kwa unyenyekevu. Kosa langu ni saa tu: nilinunua mapema mno. Safari hii nitanunua mchana. Nimeshamwagiza mgema mtungi wa kujaribia. Vikombe vitatu, basi. Mtu lazima ajitawale.