Operesheni Amsha Ardhi Yafika Kiamunyi

Shirika la Taifa la Kutunza Ardhi ya Umma, Kanda ya Bonde la Ufa ya Kati, lina furaha kuwatangazia wakazi wa Nakuru na vitongoji vyake kwamba usingizi wa ardhi umekwisha. Mimi ndiye Afisa Msaidizi wa Mawasiliano, na nayaandika haya kwa ajili ya jarida letu la robo mwaka. Atakayesoma akacheka, hilo ni suala la malezi yake.

Kwa miaka mingi ardhi ya umma imekuwa ikilala ovyo, bila kibali. Ndipo Mkurugenzi wetu wa Kanda, Bwana Kipkoech, akabuni Operesheni Amsha Ardhi. Utaratibu ni mwepesi. Mkaguzi hukitembelea kiwanja mara tatu. Asipomkuta mtu anayekitumia, kiwanja hutangazwa kuwa kimelala, kisha hupewa mwekezaji akiamshe. Kupata wawekezaji hakukutusumbua hata kidogo, kwa kuwa Mkurugenzi ana ukoo mkubwa.

Kiwanja cha kwanza kuamshwa kule Kiamunyi kilikuwa uwanja wa michezo wa Shule ya Msingi ya Mteremko. Mkaguzi wetu, Sitati, mtu wa taratibu hadi kwenye fundo la tai yake, alifika pale mara tatu, zote mwezi wa Agosti. Alikuta nyasi, magoli mawili na ndama. Ndama hakuweza kuonyesha hati yoyote. Uwanja akapewa shemeji yake Mkurugenzi ajenge kituo cha mafuta, na ndani ya wiki moja ukawa umezungushiwa mabati.

Shule zilipofunguliwa, mwalimu mkuu, Madam Jemutai, alitujia ofisini na rejista ya darasa kwapani. Hakuketi hata nilipomwonyesha benchi.

"Watoto wangu mia sita na kumi na wawili wanacheza kwa korido," alisema. "Jana mmoja amevunjika mkono kwa ngazi. Mimi nataka hiyo mabati itoke."

"Pole sana, madam. Lakini mkaguzi wetu hakupata mtoto hata mmoja kwa hiyo plot."

"Agosti? Shule zilikuwa zimefungwa!"

"Ardhi haijui mambo ya likizo, madam," nilimjibu kwa upole wa kitaaluma. Nikamweleza kwamba rufaa ipo, ila ni lazima itiwe saini na Mkurugenzi mwenyewe.

"Na yeye ako wapi?"

"Ako tu hapa karibu. Si unaona koti yake kwa kiti?"

Watu wa nje hawaelewi jambo hili, kwa hiyo nitalieleza. Katika ofisi yetu koti ni mtumishi kamili. Hufika mapema, haliondoki kabla ya saa kumi na moja jioni, na halijawahi kuomba ruhusa ya mazishi. Tuna meza kumi na moja na makoti kumi na moja. Langu ni lile la kijivu.

Madam Jemutai alirudi kila siku kwa wiki mbili. Alikaa kwenye benchi akafungua rejista yake, akawa anatia alama taratibu huku akitazama viti. Mimi, kwa zile siku nilizopita pale, nilidhani anasahihisha insha.

Wiki ya tatu watumishi wote tulikuwa Naivasha, kwenye warsha ya siku tano kuhusu umuhimu wa kufika kazini. Warsha ilifana sana. Mkurugenzi, aliyekuwa aifungue, alituma salamu.

Sitati hakualikwa, jina lake lilisahaulika kwenye orodha kama kawaida. Na Madam Jemutai akachukua fomu moja kati ya zile tulizomwaga kwenye kaunta ili wananchi washtaki viwanja vilivyolala, akakishtaki kiwanja cha ofisi yetu. Sitati alikikagua mara tatu kwa siku tatu. Ripoti yake ilikuwa fupi: makoti kumi na moja, watu hakuna. Kisha akafungua droo ya vyeti vya ugawaji. Ieleweke kwamba Mkurugenzi, kwa kujali huduma kwa mwananchi, alitia saini vyeti mia vitupu mwezi wa Januari, nyumbani kwake, ili kazi isikwame asipokuwepo. Sitati akachomoa kimoja, akajaza jina la shule.

Tuliporudi kutoka Naivasha tulikuta darasa la nne likifanya mazoezi ya viungo mahali tunapoegesha magari.

Mkurugenzi alituita haraka nyumbani kwake Milimani, ambako ndiko anakopatikana. Tulikuwa mimi, Sitati na Madam Jemutai.

"Sitati, uko na akili kweli?" alifoka. "Si unajua watu walikuwa warsha!"

"Bosi, ardhi haijui mambo ya warsha," Sitati alijibu. "Na saini ni yako."

"Hiyo niliweka bila kuona! Hiyo cheti ni bure kabisa!"

"Basi hata ya shemeji yako ni bure," alisema Madam Jemutai. "Si zimetoka kwa bunda moja?"

Ilibidi Mkurugenzi achague kati ya kituo cha mafuta na ofisi, na akachagua ofisi, maana mtu asiye na ofisi atakosekana wapi? Akachukua karatasi, akaandika kwamba vyeti vyote vilivyojazwa bila yeye kuwepo vimefutwa.

"Weka tarehe, mzee," alisema Madam Jemutai. "Ya shemeji ilijazwa Agosti. Agosti ulikuwa ofisini?"

"Hapana."

"Na hizi zingine za Machi?"

Sikuwahi kumwona Mkurugenzi akifanya kazi kwa bidii namna ile. Aliandika kwa mkono wake kwamba tangu Januari hajakanyaga ofisini hata siku moja, akatia saini, safari hii macho yakiwa wazi. Nakala moja ilikuwa ya shule na nyingine, kama taratibu zinavyotaka, ya makao makuu Nairobi. Jioni hiyo hiyo wazazi wa Kiamunyi waling'oa mabati, na watoto wakaingia uwanjani kabla hata misumari haijaokotwa. Nakiri kwamba kelele zao zilinifurahisha, ingawa si kwa niaba ya shirika.

Kesho yake saa mbili asubuhi Mkurugenzi alielewa alichokuwa ameandika. Alifika mbio langoni kuizuia nakala ya Nairobi. Hapo alimkuta Rahab, aliyekuwa mlinzi wetu kwa miezi minane.

"Jaza kitabu cha wageni, mzee. Jina, namba ya kitambulisho, na mwenye umekuja kuona."

"Mimi ndiye Mkurugenzi!"

"Wengi husema hivyo. Jaza."

Mimi nilikuwa dirishani. Ningeweza kushuka nikamtambulisha, lakini masuala ya ulinzi yana idara yake. Mkurugenzi aliandika jina lake mara mbili, kwa mgeni na kwa mwenyeji. Wakati huo Sitati alitoka na pikipiki ya ofisi, bahasha ya Nairobi kifuani, na Rahab akamfungulia lango kwa heshima zote.

Kisha akakivuta kitabu, akasoma kwa makini, akamtazama yule mzee kwa huruma.

"Huyu mtu unatafuta huwa haji hapa," alimwambia. "Jaribu kwake, Milimani."