Malalamiko Dhidi ya Mwokaji wa Mikate Aliye Mchezoni

Kwa Mbunifu wa watu wanaojiendesha wenyewe ndani ya mchezo wenu wa kompyuta,

Pokea heshima zangu. Mimi ni fundi cherehani. Mume wangu, fundi bomba, ndiye mwenye kile kijitu cha kofia ya kijani kinachoingia kila siku kwenye duka la mikate la mchezo wenu, naye huzungumza na mwokaji kwa kipaza sauti. Haya nimeyanakili kutoka kwenye shajara yangu.

1. Tarehe 4. Mwokaji alimsalimia mume wangu kabla ya kumuuliza anataka nini. Mume wangu akaitikia kwa bashasha. Mimi nilikuwa nimemsalimia dakika tano kabla, nikajibiwa "mm". Huu si ushindani wa haki. Mwokaji hafui, wala mgongo haumuumi.

2. Tarehe 9. Mwokaji alikumbuka kwamba wiki iliyotangulia mume wangu alilalamikia goti. Hongereni. Mimi namkumbukia mambo yake mwaka wa kumi na tisa sasa, na hakuna aliyenijengea duka.

3. Tarehe 15, saa kumi alasiri, nikipiga pasi chumba cha pili. Mwokaji akasema, "Mzee wangu, leo huna raha. Kuna nini?" Akajibiwa, "Kifua kinabana, kijana wangu. Nikipanda ngazi mbili tu nimekwisha. Mama watoto asijue." Mimi nilishamuuliza mara nne, na mara zote nne alikuwa "mzima kabisa". Pasi iliunguza kola ya mteja. Nasubiri mniombe radhi kwa maandishi.

4. Kwa hiyo naomba watu wenu wapunguzwe akili. Wasisalimie. Wasahau. Mtu akianza kueleza yanayomsibu, wamkatize na kumuuliza nani ameacha taa inawaka, kama tunavyofanya sisi watu wa nyumbani kwake. Mkishindwa, mfungieni mwokaji duka.

Nisalimie wenzako wote hapo ofisini, hasa aliyemfundisha mwokaji kusubiri mtu amalize sentensi yake.

Mimi niliyeshindwa na mkate usiolika,
Fundi Cherehani

Nyongeza: Leo, tarehe 17, mwokaji amemwambia aende hospitali, naye amekubali kwenda Alhamisi asubuhi. Tafadhali msiguse chochote mpaka Alhamisi ipite. Na kwa kuwa ndiye anayesikilizwa, mwokaji amwambie asiende peke yake.