Mafundi Wawili na Mtihani wa Kitambaa

Jumatatu, 3 Machi

Pikipiki itauzwa. Aliyesema ni mke wangu, saa ya chai, huku akipaka mkate siagi. Hakupandisha sauti. Hapo ndipo nilipoogopa.

Masharti aliyoyatoa ni haya. Jumamosi tunakwenda kwa mama yake, kule juu mlimani. Pikipiki ikitufikisha wote wawili bila yeye kushuka, inabaki. Ikizima tena njiani, anauziwa kaka yake. Wameshazungumza. Wameshazungumza! Mimi mwenye pikipiki nimeambiwa wa mwisho, kama mpangaji.

Namwelewa, kwa kiasi. Safari iliyopita alipanda nusu ya mlima kwa miguu, kofia ngumu mkononi, vumbi hadi kwenye kope. Mama mkwe akamwona tangu barazani. Alimpa kiti, akampa maji, kisha akamuuliza kama amekuja peke yake. Nilikuwa nimesimama palepale.

Lakini kosa si la pikipiki. Ni pikipiki ya safari ndefu, pana, tulivu, imeumbwa kubeba watu wawili na mizigo yao. Mimi nimeiboresha tu. Nimeifungia ekzosi ya pikipiki ya mashindano, kabureta kubwa zaidi, kioo kirefu cha kukata upepo na masanduku mawili ubavuni. Kila kimoja ni kizuri. Tatizo havijaelewana. Injini inakohoa, inakatakata, na ikibebeshwa watu wawili mlimani inasusa. Inahitaji fundi wa kutyuni, mtu wa kupatanisha mafuta, hewa na moto. Fundi mmoja tu, aliye sahihi.

Jioni shemeji amekuja kusalimia. Salamu zenyewe amezitoa akiwa amekaa juu ya pikipiki. Amegeuza na vioo vya pembeni vimfae yeye!

Jumanne, 4 Machi

Wanaotajwa ni wawili. Wa kwanza huitwa Daktari, kwa sababu huvaa koti jeupe na husikiliza injini kwa bisibisi ndefu aliyoibana sikioni. Wa pili huitwa Mama Gia. Gereji zao zinatazamana, barabara ikiwa katikati, kwa hiyo wanadharauliana bila hata kuinuka kitini. Nimepita kote kuwili baada ya vipindi.

Daktari alifumba macho, akasikiliza, akauliza ni nani aliyemfanyia mgonjwa huyu unyama huu. Nikasema ni mimi. Akanipa pole, kwa sauti ya msibani.

Mama Gia hakusikiliza chochote. Aliizunguka pikipiki, akaniuliza kama ekzosi ile niliinunua au nilitupiwa. Akaongeza kwamba nikiamua kwenda kwa yule mvaa koti, nisisahau kubeba kadi ya kliniki. Wateja wake wakacheka hadi kushikana mabega. Watu wazima!

Kila mmoja anasema mwenzake ni muuaji wa injini. Kila mmoja ana wateja wanaomwapia. Mtu wa kawaida hapo angefumba macho na kuchagua. Mimi ni mwalimu wa taaluma. Nimetunga mitihani maisha yangu yote ya kazi, na ninachojua ni kwamba mtu humjui mpaka umtegee swali.

Nimetega. Nimekata kitambaa cha ukubwa wa kiganja na kukisokomeza kwenye mdomo wa kasha la chujio la hewa, pale injini inapovutia pumzi. Swali lenyewe ni rahisi kabisa. Atakayekiona na kuniambia, ndiye fundi wangu.

Mke wangu ameuliza kwa nini nacheka peke yangu. Nimemwambia nasahihisha madaftari.

Jumatano, 5 Machi

Zamu ya Daktari. Nimeiacha asubuhi, nimeifuata alasiri. Imepona! Inakoroma kama paka aliyeshiba. Haikohoi. Haikati. Daktari amenieleza, akijifuta mikono taratibu, kwamba mgonjwa alikuwa hapati hewa ya kutosha, kwa hiyo amempunguzia mafuta ili viende sawa. Nikamuuliza, kwa ujanja, hewa imepungua kwa sababu gani. Akasema ni maumbile. Kila injini huzaliwa na mapafu yake.

Maumbile! Nilisimama kwenye uchochoro wa kwanza nikafungua kasha. Kitambaa changu kipo, hakijaguswa. Mtu mzima, koti jeupe, ametyuni injini nzima kufuata kitambaa!

Amefeli.

Shemeji, aliyekuja tena kusalimia, amesema kama inakwenda vizuri basi yaishe, apewe chai tuongee mambo mengine. Nimemweleza kwamba mwanafunzi anaweza kupata jibu sahihi kwa njia mbovu, na huyo hapewi alama. Akaniuliza mwanafunzi gani. Kisha akamuuliza dada yake kama nimelala usingizi wa kutosha. Sina muda na watu wa namna hii.

Kitambaa nimekiacha palepale. Watahiniwa wote lazima wapewe swali moja, tena lilelile. Tukianza kupendelea, tutaishia wapi?

Alhamisi, 6 Machi

Zamu ya Mama Gia. Balaa limeanza kabla sijazima injini. Aliisikia tu, akatoka hadi ukingoni mwa barabara na kumpigia Daktari kelele, akitaka kujua huyu kiumbe amemnyima chakula tangu lini. Daktari akajibu kwa sauti kwamba yeye hana habari na wagonjwa wanaotoroka wodini, halafu akanitazama. Nimesimama katikati nikikagua kiatu changu. Nilikuwa nimekusudia wasijue. Sikuwa nimefikiria kwamba wanatazamana.

Alasiri nimekabidhiwa pikipiki nyingine kabisa. Ukiigusa, inaruka. Kile kilima cha nyuma ya shule, ambacho hunikalisha gia ya kwanza, nimekipanda kwa gia ya tatu. Nimesimama palepale kileleni nikafungua kasha. Tupu! Ameona! Nimerudi gerejini mbio, nikasimama mbele yake nikingoja aniambie.

Hakuniambia. Aliniuliza kama nimesahau funguo.

Nikamsaidia kidogo, jambo ambalo kwenye mtihani halali lisingeruhusiwa. Nikauliza kama alikuta kitu kisicho cha kawaida. Akasema ndiyo, amekuta mwenye pikipiki. Nikasisitiza: ndani. Akasema ndani ya pikipiki za watu ameshakuta biskuti, soksi na panya mwenye familia, na akianza kumhadithia kila mtu, kazi ataifanya saa ngapi. Takataka zinatupwa, amesema, hazitangazwi. Kisha amenifukuza kwa kunipungia spana.

Nimewaza njia nzima. Ameliona swali, lakini hakuandika maelezo. Maelezo ni nusu ya alama, na nusu si ya kufaulu katika shule yangu. Kwa hiyo naye amefeli. Wamefeli wote wawili! Hii nchi itakwenda vipi?

Mke wangu aliisikia injini ikiingia uani. Akatoka jikoni na mwiko mkononi, akasikiliza, akasema sasa hiyo ni pikipiki. Ameiambia pikipiki, si mimi. Kisha akaninyooshea mwiko na kuniambia nisiiguse mpaka Jumamosi. Hata kuipangusa, nisiipanguse.

Lakini kweli alitabasamu. Zamani, kabla ya watoto, tulizunguka na pikipiki mpaka mwisho wa lami, tukalala nyumba za wageni zisizo na mapazia. Ametaja hilo akiwa anaosha vyombo. Amesema labda na Jumamosi, kama mambo yatakuwa mazuri, tusirudi kwa njia ileile. Nimeshika kitambaa cha kukaushia vyombo muda mrefu bila kukausha kitu.

Ijumaa, 7 Machi

Sikulala vizuri. Nimeyapanga matokeo kichwani kama ninavyoyapanga ubaoni.

Kwa Daktari: kitambaa kilikuwemo, na injini ikakoroma kwa utulivu kama paka. Kwa Mama Gia: kitambaa hakikuwemo, na injini ikapata nguvu za fahali, lakini, tuseme ukweli, ilipoteza ule utulivu. Sasa ninayempeleka Jumamosi ni mke wangu, si gunia. Anahitaji nguvu na utulivu. Nguvu ninazo tayari. Utulivu ulitoka wapi?

Kwenye kitambaa!

Ajabu ni kwamba mafundi wawili wameishika pikipiki siku mbili na hakuna aliyeliona hili. Imebidi aje kuliona mwalimu. Nimekata kipande kingine, kikubwa kidogo, maana watu ni wawili, nikakisokomeza palepale. Mke wangu alisema nisiiguse pikipiki. Sijaigusa. Nimegusa kasha.

Nimeijaribu kwa kuizungusha uani mara moja. Imetoa moshi mweusi kiasi. Nadhani ni moshi wa nguvu. Nguo zilizoanikwa nimezigeuza upande wa pili.

Jumamosi, 8 Machi

Naandika nikiwa kwa mama mkwe, chumba cha wageni, mlango nimeufunga.

Tambarare yote tulikwenda vizuri, kwa maana kwamba tulikwenda. Mke wangu aliuliza mara moja harufu hiyo ni ya nini. Nikasema ni ya mashamba. Tulipofika chini ya mlima injini ikaanza kulewa. Nikaongeza mafuta, ikazidi kulewa. Moshi mweusi ulitoka nyuma mpaka mwendesha lori akatupigia honi ya kutupa pole. Kwenye kona ya kwanza ikakohoa. Kwenye ya pili ikatapika. Kabla ya kona ya tatu ikazima, ikaanza kurudi kinyumenyume, na mke wangu akashuka.

Alishuka kwa hiari yake. Nilimkumbusha kwamba sikumwambia ashuke, na kwamba masharti yalihusu kushuka kwa kulazimika. Yeye alivua kofia ngumu akaitundika kwenye usukani, kama mtu anayerudisha kitu dukani.

Shemeji akatokea nyuma na kapikipiki kake kadogo ka kubebea mizigo, kanakopanda mlima huu kila wiki bila kutyuniwa na mtu. Akasema amefuata wingu. Akainusa ekzosi, akasema imejaa mafuta, haipumui. Akafungua kasha la hewa. Akaingiza vidole viwili. Akavuta.

Alivuta polepole, kama mtu anayetoa mwiba. Akakikunjua kitambaa mbele ya dada yake. Mke wangu alikitambua papo hapo: ni kipande cha shuka lake la kupigia pasi, ambalo amelitafuta tangu Jumanne. Akaniuliza kimefikaje humo. Nikaanza kueleza mtihani. Nilianza na malengo ya mtihani, nikaingia kwenye usahihishaji. Shemeji alikaa chini kabisa, kwenye majani, akajishika mbavu. Alikuwa akisema, “Rudia hapo kwa Daktari, shemeji, nakuomba, rudia hapo tu!”

Mke wangu hakucheka. Alisikiliza mpaka mwisho, akasema Mama Gia alikuwa ameimaliza kazi, na mimi nimeimaliza pikipiki. Kisha akamwambia kaka yake asafishe plagi, ampandishe.

Wamepanda mlima kwa mkupuo mmoja. Niliisikia ikienda, gia ya tatu, injini safi, mpaka juu. Haikukata hata mara moja. Mimi nimefuata na kale kadogo, na kapu la vitunguu la shemeji kifuani. Mama mkwe amempokea mwanawe wa kiume kwa vigelegele. Mimi nimepokewa vitunguu.

Nimejaribu hoja ya mwisho: kwamba kisheria pikipiki imemfikisha. Mke wangu amekubali kwamba imemfikisha. Amesema ndiyo maana anampa aliyemfikisha.

Jumapili, 9 Machi

Imekwenda. Nilisaidia kufunga masanduku ya ubavuni. Shemeji aliuliza kama nina ushauri wowote kuhusu injini. Aliuliza kwa adabu kabisa, akijiuma mdomo. Mke wangu ameomba apelekwe mpaka mwisho wa lami na kurudi, aone tu. Wameondoka. Nimebaki barazani na mama mkwe, ambaye ameniuliza kama na mimi nasubiri usafiri.

Jumatatu, 10 Machi

Mama mkwe amepiga simu. Pampu ya kisima chake inavuta maji kwa kusuasua. Mke wangu amesema kaka yake ana kazi wiki nzima, na kwamba kumtafuta fundi wa pampu hata mimi siwezi kukosea. Fundi mmoja, amesema. Akaninyooshea kidole kimoja nikione.

Jioni nimepita njia ya gereji. Daktari alikuwa amevuka barabara! Amekaa kwenye benchi la Mama Gia, wanakunywa chai kwa birika moja, shemeji keshawahadithia. Mama Gia alipaza sauti, “Mwalimu, matokeo yanatoka lini? Tumekosa usingizi!” Daktari alicheka mpaka akalazimika kutumia koti kujifuta macho. Nilijifanya nazungumza na simu.

Nimeyatafakari makosa ya wiki iliyopita kwa utulivu, bila kujionea huruma. Yapo. Kosa kubwa ni kwamba niliwachagua watahiniwa wanaotazamana. Safari hii nimechukua wawili wa pande mbili za mji, wasiojuana, na hakuna aliyeambiwa kuhusu mwenzake. Mke wangu naye hajaambiwa, nisimchoshe.

Tatizo lililobaki ni la kitaaluma. Pampu ambayo tayari inasuasua haipimi kitu, kila mtu anaiona inasuasua. Itabidi kwanza nilegeze nati moja ndogo, upande usioonekana.

Fundi wa kwanza anafika Alhamisi saa tatu asubuhi, wa pili saa saba. Mimi napanda basi la Jumatano mchana.