Mshiriki Namba Saba

Elkanah alimnusa mteja kabla hajamwona. Pale mkahawani Cedar-Riverside, mtaa wa wahamiaji huko Amerika, mwanamke wa meza ya jirani alikuwa akiongea na simu kwa sauti inayokaribia kilio.

"Wakili anasema bado ushahidi mmoja, mama. Utafiti mpya unaozungumzwa na wataalamu. Viza inaisha mwakani. Nisipopata ukaazi, narudi Moshi."

Amerika humpa msomi ukaazi wa kudumu akithibitisha kwamba ni bingwa, na ubingwa huthibitishwa kwa karatasi. Karatasi ndizo zilizokuwa shamba la Elkanah. Akavuta kiti bila kukaribishwa.

"Daktari, pole sana. Mimi hushughulikia mabingwa. Unataka award? Niko na Tuzo ya Dhahabu ya Baraza la Mabingwa wa Dunia. Barua za maprofesa kumi? Wiki moja. Na usi-worry, hawa watu wa immigration hawapigagi simu."

Daktari Haika, mtafiti wa lugha, akafuta macho. "Kaka, hebu rudia hiyo ya mwisho. Polepole."

Akarudia, akaongeza na nyingine. Haika akatoa fomu ya kurasa mbili.

"Naomba nikurekodi. Soma kwanza, ukikubali utie sahihi."

Elkanah hakusoma. Yeye karatasi huziandika tu. Akatia sahihi yenye mikia, akapewa kadi ya kununulia vitu dukani, ya dola ishirini na tano, akadhani ni kianzio.

Wiki tatu mfululizo akaja na kumwaga siri zote: anavyomtuliza mwenye wasiwasi, anaposhusha sauti, anapomtaja Mungu. Haika akirekodi na kusema, "Bado natafakari, kaka." Halafu akapotea kabisa.

Miezi minane baadaye Elkanah akasikia kuna sherehe kwenye ukumbi mmoja Saint Louis Park. Haika amepata ukaazi! Makala yake kuhusu lugha ya matapeli imejadiliwa katika vyuo vingi, na ndiyo ushahidi uliokosekana. Elkanah akaenda mbio, amevimba, kudai fungu lake.

Akamkuta Wairimu, mfawidhi wa shughuli, akisoma kwa sauti dondoo za makala hiyo, maneno ya tapeli aliyeitwa humo Mshiriki Namba Saba. Ukumbi ulikuwa hoi kwa kicheko. Elkanah akayatambua maneno yake mwenyewe, moja baada ya jingine. Akapandwa na hasira, kisha, Mungu amsamehe, akaona fahari.

"Huyu Mshiriki Namba Saba ni msanii, mes amis, rafiki zangu!" akasema Bagalwa, mwanakemia Mkongomani, akipiga makofi. "Ni nani?"

"Siwezi kusema," Haika akajibu. "Nilimwahidi kwa maandishi kuficha jina lake. Hata mnichape viboko."

Basi hapo Elkanah alikuwa amesalimika. Mtu mwenye akili angekula pilau lake akaondoka. Lakini miaka kumi amewapa watu tuzo, na yeye hakuna aliyewahi kumpigia hata kofi moja. Roho ikamuuma kwelikweli. Akapanda juu ya kiti.

"Ni mimi!" akapaza sauti. "Namba Saba ni mimi, Elkanah!"

Makofi yakalipuka, kisha yakafa. Bagalwa akamkazia macho.

"Elkanah? Si wewe uliniuzia ile Tuzo ya Dhahabu ya uongo?"

"Hata mimi ninayo," akasema daktari mwingine.

"Mimi ninazo mbili," akasema wa tatu.

Wasomi saba wakaweka sahani chini, wakajipanga foleni bila kusukumana. Wairimu akaenda kufunga mlango.