Malalamiko juu ya Pampu Inayozunguka Bila Kuitiwa Upepo

Kijiji cha Ujamaa, njia ya Ziba
Agosti 1974

Kwako Ndugu Bwana Maji wa Wilaya,

Salamu za ujenzi wa taifa zitangulie. Mimi Masolwa Lugembe ni mpiga mluzi wa kijiji hiki. Kina mama wanapopepeta mtama na upepo ukalala, mimi hupiga mluzi ukaamka. Kazi hii niliirithi kwa babu, aliyewaitia upepo wapagazi wa misafara walipopiga kambi hapa na nafaka zao zenye makapi. Kijiji kilipoanzishwa, kikao kiliuhesabu mluzi wangu kuwa kazi ya ujamaa, sawa na jembe. Sikuwa na neno.

Sasa mmetuletea pampu ya upepo. Mlitueleza faida zake: haili mafuta, haina moshi, inavuta maji mchana na usiku. Yote ni kweli, na ubaya uko hapo hapo.

1. Inazunguka bila mimi. Nikiwa nimelala, yenyewe inazunguka. Watu wameanza kuulizana upepo huu anauita nani, na Mwenyekiti wetu Eustace amenitoa kwenye mluzi, amenipeleka kung'oa mashina ya pamba. Mgongo wangu haukulelewa hivyo.

2. Haihudhurii mikutano. Haisalimii. Wazee wanapita chini yake asubuhi, hawapati hata salamu ya mwangaluka. Mwanakijiji mwingine angekwishaitwa mbele ya kamati.

3. Tumekatazwa unyonyaji. Pampu hii haina jembe, haijawahi kutoka jasho, inaishi kwa nguvu za upepo. Kama huo si unyonyaji, nielezeni ni nini.

4. Upepo ukishapita kwenye yale mapanga ya pampu hutoka umechoka. Ng'ombe wa Ziba wamekonda mwaka huu. Mkiweka pampu nyingine, nguo za watu wa Kanyenye zitakaa kambani wiki nzima zikiwa mbichi. Na mvua nayo huletwa na upepo. Taifa likilala njaa, msije kuniuliza mimi.

Kwa hiyo naomba pampu ifungwe kamba, ifunguliwe kwa mluzi wangu tu, tena saa za kazi. Mashina ya pamba apewe Eustace, ana mikono mizuri.

Wasalimie wote hapo ofisini, na mafundi waliopanda mnara, na mpishi wao aliyetuachia chumvi.

Nduguyo katika kujitegemea,
Masolwa Lugembe
Mpiga Mluzi

Baada ya sahihi: Kabla sijaifunga bahasha, upepo umelala na tangi limekauka. Kina mama wamekuja na ndoo tupu, mke wangu Josepha akiwa mbele, akaniomba kwa adabu kabisa, watu wote wakisikia, niuite. Nimepiga mluzi mpaka midomo ikapasuka. Hata jani halikutikisika. Ndipo akanitwisha ndoo. Ndugu, kisima cha zamani kiko mbali, sikujua kama kiko mbali hivyo. Miaka yote alikuwa akienda yeye kabla jua halijachomoza, nami nilidhani maji hukaa mtungini. Leteni pampu ya pili, na tangi kubwa la kuweka akiba. Pamba nitang'oa. Hayo ya juu yasomeni kama maneno ya mtu ambaye alikuwa hajabeba ndoo.