Vyandarua Vitupu vya Muleba

Jumatatu, 11 Novemba 2024

Miaka kumi na moja Mtafiti daraja la pili! Kamati ya kupandisha vyeo inakaa Ijumaa, nayo inataka mtu awe amenukuliwa mara hamsini na watafiti wenzake. Nimefungua kompyuta asubuhi: arobaini na moja. Jana pia arobaini na moja. Rugaibula, ambaye mimi ndiye nilimfundisha kuhesabu mbu, ana mia sita na ushee. Kibao chake cha Mtafiti Mwandamizi hukifuta kwa leso kila nipitapo. Leo kaniuliza kama utafiti wangu wa vyandarua Muleba bado una wasomaji. Nimemjibu wapo wengi. Mke wangu Dativa, kwa mfano, alianza.

Jumanne, 12 Novemba

Mpango! Nimeandika makala ya kurasa nne, na ndani yake nimenukuu makala zangu tisa. Tisa na arobaini na moja ni hamsini! Mhariri wa jarida kajibu kabla chai yangu haijapoa. Anauliza kama kuna mtafiti mwingine yeyote ninayemfahamu. Hana adabu.

Jumatano, 13 Novemba

Mpango wa pili. Annastella, mwanafunzi wangu wa zamani, makala yake ya malaria inatoka kesho. Nimempelekea nyumbani kwake Kahororo mkungu wa ndizi kutoka shambani kwetu Kashozi. Kaniamkia vizuri, kautazama mkungu, katazama chini. Akasema Mwalimu, nimeshakunukuu, tena sana, ila alitaka tuzungumze kwanza. Tuzungumze nini? Nilimkatiza, nikamshukuru, nikaondoka mbio asije akabadili mawazo.

Alhamisi, 14 Novemba

Imetoka! Nimetafuta jina langu: Rwegasira, mara kumi na mbili! Sikusoma zaidi. Niliirusha kwenye kundi la WhatsApp la kituo, wanakamati wote wamo, nikaandika: "Kazi njema hujisemea."

Baada ya dakika ishirini Rugaibula alikuwa akiisoma kwa sauti, korido nzima inasikia. Kwamba Rwegasira alizunguka nyumba mia tatu za Muleba saa nne usiku, akakuta vyandarua vimetundikwa na vitanda vitupu. Kwamba alihitimisha watu wa Muleba hawapendi vyandarua. Kwamba ulikuwa Novemba, msimu wa senene, wale panzi wa kuliwa, na wilaya nzima ilikuwa nje kwenye taa ikiwakamata! Na ushahidi? Picha ya ukurasa wa kumi na nne wa ripoti yangu mwenyewe. Mtafiti mkuu, yaani mimi, kashika ndoo ya senene, anacheka meno yote nje. Mimi niliiweka kuonyesha ushirikiano na jamii.

Halafu Rugaibula akakumbusha kwamba kunukuliwa mara kumi na mbili ndani ya makala moja huhesabiwa mara moja. Arobaini na mbili! Nimeona aibu mpaka masikio yamewaka. Nilitaka kurudi Kahororo kuudai mkungu wangu. Dativa kasema niache, watu wameshakula.

Ijumaa, 15 Novemba

Kamati. Mwenyekiti, Dokta Farida, hakupaza sauti, afadhali angepaza. Kasema nirudie utafiti ule wote mwakani. Ukinyooka, cheo ni changu. Ukitoka kama ule wa kwanza, nisikanyage tena mbele ya kamati. Mwezi nichague mwenyewe.

Annastella alinisubiri mlangoni, akaniomba radhi. Nilitaka kumkasirikia nikashindwa. Mimi ndiye niliyemfundisha kwamba kabla ya kuamini takwimu, angalia tarehe. Mkuki kwa nguruwe.

Jumapili, 17 Novemba

Nimetoka kanisani akili imetulia. Safari hii hakuna kosa hata moja. Dodoso jipya. Ramani mpya. Picha marufuku!

Mwezi tu ndio ulinisumbua. Februari jua linachoma. Aprili barabara za Muleba ni tope. Juni watu wako kwenye kahawa, hawana muda wa maswali. Nimepima kila kitu kisayansi, bila upendeleo, nikachagua Novemba. Wasaidizi wote wamekubali kabla sijamaliza kueleza, jambo ambalo halijawahi kutokea. Dativa kauliza aandae ndoo ngapi.

Mbili, nimemwambia. Na safari hii ziwe na mifuniko.